Mafuta Iko

Atabo ana baiskeli ya injini, na kwa muda mrefu baiskeli hiyo ilikataa kuwaka. Mtaani kwetu Nakwamekwi, hapa Lodwar, hakuna asiyeijua habari hiyo, kwa sababu kila Jumapili baada ya kanisa aliitoa nje mbele ya watu wote. Aliifuta vumbi kwa leso, akaipanda, akapiga pedali kwa nguvu hadi kwenye kona ya duka la unga, kisha akaachia klachi. Injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Alirudi akiisukuma, macho chini, nami nikiwa kwenye cherehani yangu nilijua kwamba hatutaongea hadi jioni.

Naitwa Adome. Milango yetu inatazamana, tunachota maji mfereji mmoja na tunatumia choo kimoja, na mambo ya mtu mnayetumia naye choo kimoja hayakwepeki hata ukitaka. Nasema mapema ili nisiulizwe nimeyajuaje.

Injini ile aliifunga mumewe, Kasongo, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wapo wanaosema hakuwa mume, kwamba hakupeleka hata mbuzi mmoja kwa wazee wa Longech, anakotoka Atabo. Sawa. Lakini Atabo alipougua malaria ni Kasongo aliyempikia uji na kumfulia nguo, na wako wanaume wa hapa waliotoa ngamia na hawajawahi kuinjika sufuria. Mimi nikisema mume, ni mume.

Walikutana kwa ajili ya samaki. Atabo amezaliwa ziwani, na tangu usichana alikuwa akipeleka samaki wakavu Kakuma, kwa sababu Wakongo wanapenda samaki jinsi sisi tunavyopenda nyama. Lori lilimshusha barabarani, naye akajitwika gunia hadi sokoni kwao. Kasongo alikuwa fundi wa baiskeli hapo sokoni. Kila wiki alinunua samaki, akawanusa, akawasifu kwa majina ambayo Atabo hakuyaelewa, ila lile gunia kichwani mwa mwanamke lilimuudhi. Basi akaanza kununua injini ndogo kwa Hanad, Msomali muuza vipuri, leo silinda, siku nyingine kabureta, mara tanki, akaifunga yote kwenye baiskeli kuukuu ya blakmamba. Nyuma akachomelea keria pana ya kubebea gunia. Siku ilipowaka, watoto wa soko zima waliwafuata wakipiga kelele, na Atabo alikaa juu ya keria akicheka hadi mbavu zikamuuma. Habari hiyo amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia kama nilikuwepo.

Injini ya aina ile hainywi petroli peke yake. Unachanganya petroli na oili kidogo kwenye chupa, unatikisa, ndipo unamimina kwenye tanki. Kasongo, kama Wakongo wenzake, petroli aliiita esanse, na mafuta kwake yalikuwa ni oili tu. Sisi vyote viwili tunaviita mafuta, kwa hiyo mwanzoni walipotezana, hadi alipomfundisha kwa mkono, akimpimia oili kwa vifuniko vya soda. "Mafuta kidogo, esanse mingi," alimwambia. "Ukisahau mafuta, pistoni itakamata. Ukizidisha, itatoa moshi hata jirani wakimbie." Atabo alilichukua neno hilo likawa lake. Mpaka leo akienda kununua petroli Lodwar anasema esanse, na vijana wa boda wanamcheka.

Kisha ikaja safari ya Kanada. Kesi ya Kasongo ya kuhamishiwa huko ilikuwa imefunguliwa kambini kabla hajamjua Atabo, na ndani ya kesi hiyo aliandikwa yeye peke yake. Angeikataa, angerudi nyuma ya mstari ambao wengine wameusimamia tangu utotoni. Hakuikataa, na Atabo hakumwomba aikatae. Asubuhi ya kuondoka alichanganya esanse na mafuta kwa mkono wake, akajaza tanki hadi shingoni, akafunga kifuniko, akampangusa Atabo uso.

"Bibi yangu," alisema, "tanki imejaa. Kabla esanse hii iishe, nitakuwa nimekuita."

Ningekuwepo ningemwambia atafute kipimo kingine cha ahadi. Tanki lenyewe ni dogo, mtu anaweza kulikumbatia kifuani kama kuku.

Atabo akahamia Lodwar, kwa sababu ile nyumba ya Kakuma walipewa watu wengine. Mwanzoni aliiendesha vizuri tu. Tuliisikia ikinguruma kutoka stendi, tukajua samaki wa Kalokol wamefika, na mimi nilikuwa naweka maji ya chai jikoni kabla hajazima. Kasongo alipiga simu kila Jumapili. Anasema bado anafuatilia karatasi za Atabo. Anasema kuna wakili. Anasema baridi ya huko inauma meno.

Sijui ni siku gani hasa nilipogundua kwamba Atabo anapiga pedali injini ikiwa imezimwa. Gunia zima nyuma, jua la saa nane, jasho limemlowesha hadi kiunoni, na injini iko pale katikati ya miguu yake imelala.

"Una injini na unatumia miguu?" nilimuuliza.

"Naipumzisha."

Baadaye akawa anaenda nayo kanisani tu. Baadaye kanisani alienda kwa miguu. Alifunga kile kibati cha kuruhusu mafuta, akaiegemeza ukutani ndani, karibu na kitanda chake, na kadiri simu za Kasongo zilivyopungua ndivyo ilivyozidi kukaa pale. Nilidhani ni umaskini, anabana matumizi. Kumbe alikuwa anaogopa tanki lisije likaisha. Likiisha na hajaitwa, basi. Lakini lisipoisha, Kasongo bado yumo ndani ya muda wake.

Mtu anaweza kumcheka. Mimi sikumcheka, maana na mimi nimewahi kungoja mtu, na mwenye kungoja hakosi kujitafutia kitu cha kushikilia.

Siku moja hamu ilimzidi. Alitaka kuisikia kidogo tu, aiwashe na kuizima. Ndipo ilipokataa. Na tangu siku hiyo zikaanza zile Jumapili za kuitoa nje, kuipanda, kukohoa na kurudi.

Halafu Kasongo, aliyekuwa kimya tangu kabla ya mvua, akapiga. Nilikuwa nyumbani kwa Atabo tunachambua maharagwe, na simu ilikuwa kwenye spika. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema anafanya kazi kwenye ghala, kwamba anarudi nyumbani na hakuna mtu wa kumwambia kitu. Kisha akauliza, "Ile injini iko inalia bado?"

"Inalia," Atabo akasema.

Nilimtazama. Hakunitazama.

"Jumapili inakuja nitapiga. Nisikilizishe. Niko ninaiota."

Alipokata simu, Atabo aliinuka, maharagwe yakamwagika mapajani, akasema lazima iwake kabla ya Jumapili. Alikuwa na hakika kwamba Kasongo akiisikia atakumbuka alichoahidi, na asipoisikia atajua kwamba huku mambo yamekufa. Uso wake ulinitisha. Sijamwona Atabo akitaka kitu namna ile.

Kesho yake tukamwita Erupe, fundi wa boda boda. Erupe ni mzuri, bodaboda za nusu ya mji huu zinatembea kwa mikono yake. Alichuchumaa, akauliza swali ambalo kila fundi anaanza nalo.

"Mafuta iko?"

"Iko," Atabo akajibu.

Erupe akafungua kifuniko, akachungulia, akaona kitu kinameremeta humo ndani, akaridhika. Akafungua plagi, akaisugua kwa msasa, akailaza juu ya chuma cha injini na kumwambia Atabo azungushe pedali. Cheche ya samawati ikaruka. "Moto iko," akasema. Akafungua kabureta, akaiosha, akapuliza matundu yake kwa mdomo hadi mashavu yakamwiva. Tulipoisukuma ikanguruma. Nusu pumzi hivi, Atabo ameshaanza kutabasamu, ikafa. Tukarudia. Ikafa. Akabadilisha plagi, akakagua waya, akakaza hiki na kile.

"Mafuta iko, moto iko, hewa iko," alisema Erupe, amekaa chini kabisa sasa. "Hii kitu inataka nini?"

Akataka kuliinamisha tanki alisafishe. Atabo akamshika mkono.

"Tanki usiguse."

Erupe alifikiri ni uchoyo wa petroli, akaacha. Na simlaumu, kwa sababu Lodwar petroli hailali. Mtu wa boda anaweka ya chupa asubuhi, jioni anatafuta chupa nyingine. Petroli haijawahi kukaa kwenye tanki la mtu hapa hadi ikazeeka, kwa hiyo hakuna fundi anayefikiri kwamba inazeeka. Ukiambiwa iko, iko. Alifunga mfuko wake wa spana na kutuambia tuipeleke kwa Msomali aliyeiuza.

Jumapili hiyo hiyo alfajiri tukapata lori la vitunguu linaloenda Kakuma. Mimi nilisema naenda kununua uzi, lakini uzi Lodwar upo. Nilienda kwa sababu sikutaka awe peke yake ikishindikana. Baiskeli ililazwa juu ya magunia, na Atabo alifunga kitambaa kwenye kifuniko cha tanki kisha akakaa amelishika njia nzima. Kila tukirukaruka alilibana zaidi. Tulipokaribia Kakuma nikamwambia alegeze mkono, vidole vimekuwa vyeupe. Hakulegeza.

Hanad tulimkuta dukani, mzee mwenye ndevu za hina, amezungukwa na cheni na tairi zilizoning'inia. Alimtambua Atabo mara moja.

"Ejok, mama Kasongo," alisema. Kiturkana chake kinaishia hapo.

"Ejok noi, mzee Hanad. Injini yako imenikataa."

Hakuuliza kama mafuta iko. Alifungua kile kitambaa taratibu, akafungua kifuniko, akaweka pua. Akarudisha kichwa nyuma.

"Hii petroli ni ya lini?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kuliuliza. Atabo akajibu, "Ni ya Kasongo."

Hanad alimtazama, akanitazama na mimi. Kasongo alikuwa mteja wake, siku aliyoondoka anaijua. Akatingisha kichwa polepole.

"Nusa," akanipa kifuniko mimi kwanza. Ilikuwa na harufu kama ya vanishi ya kupaka viti. "Petroli inakufa, mama. Mimi nimeona jenereta za watu waliosafiri. Nguvu inatoka, inaenda na joto. Inabaki mafuta mazito na kitu kama gundi. Ukiosha kabureta, ikivuta hii tena, inaziba tena."

"Lakini iko," Atabo akasema.

"Iko kwa macho. Kwa injini haiko."

Atabo alikaa kwenye tairi. Hapo ndipo alipoisema ile ahadi, yote, maneno ya Kasongo kwa Kiswahili chake cha Kongo, mbele yangu na mbele ya Hanad. Mimi nilikuwa nimeshaisikia, ila kwa vipande, na sijawahi kuisikia ikisemwa mchana kweupe dukani. Alipomaliza nilikuwa na hasira. Hasira na Kasongo, hasira na Kanada, hasira na lile tanki.

Hanad hakumshauri kitu. Alimimina chai ya maziwa yenye iliki kutoka kwenye chupa, akatupa vikombe. "Mimi siimwagi," alisema. "Ni yako. Ukitaka, toa wewe. Usipotaka, tutaifunga kama ilivyo, utarudi nayo." Kisha akaenda kumhudumia mtu mwingine, na nadhani alienda makusudi.

Tulikunywa chai. Atabo alitazama simu, akatazama baiskeli. Nilifikiri atasema turudi. Badala yake aliinuka, akavuta karai la kuoshea vipuri, akachomoa mpira wa mafuta, akafungua kibati.

Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni kutwa. Kilitiririka, kikapungua, kikadondoka matone, kikakoma. Akaliinamisha tanki, akalitikisa. Karai lilikuwa limefunikwa chini tu.

"Niliiacha imezidi nusu," alisema.

Hanad alikuwa amerudi. "Jua limekunywa, mama. Kifuniko kina kitundu cha kupumulia."

"Nilikuwa sitembei nayo. Adome anajua. Nilipiga miguu."

"Najua," nikasema.

"Kumbe ilikuwa inaondoka tu."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na ndipo machozi yakamtoka. Nilimshika bega. Nilimwonea uchungu. Nilifikiria zile saa nane za jua, na gunia, na lile jasho lote la kulinda kitu ambacho kilikuwa kinatoka kwa kitundu usichoweza kupitisha hata sindano yangu.

Hanad alinyoosha mkono achukue karai. Atabo akamzuia. "Isimwagwe chini." Alichukua brashi ya dukani, akalaza baiskeli ubavu, akaanza kuosha cheni kwa ile esanse ya Kasongo. Aliosha pingili moja baada ya nyingine, mchanga wa Lodwar ukatoka, uchafu ukatoka, hadi karai likawa jeusi na cheni ikang'aa. Hakuharakisha. Wateja waliingia wakatoka, na Hanad akawa anawaambia wapite upande wa pili.

Alipomaliza, Hanad aliosha tanki na kabureta, akaleta petroli mpya kwenye chupa. Akataka kutia oili.

"Lete nifanye mimi," Atabo akasema.

Akashika kifuniko cha soda, akapima oili, akamimina, akapima tena. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Nilijua anachosema. Akaziba chupa, akaitikisa kwa mikono miwili, akainyanyua mbele ya mwanga, akarudia kuitikisa. Kisha akajaza tanki. Hakulijaza hadi shingoni.

Aliniachia simu, akapanda baiskeli. Alipiga pedali kupita wauza nyanya, kupita kinyozi, akaachia klachi. Injini ikakohoa. Nilifumba macho. Ikakohoa tena, kisha ikashika, ikalia kwa sauti ile kavu niliyokuwa nimeisahau, na moshi wa samawati ukabaki nyuma yake barabarani. Hanad alisema alhamdulillahi, akarudi kwenye kiti chake. Atabo hakurudi upesi. Alipinda kwenye njia ya kambini, na sauti ikaenda ikififia. Baadaye aliniambia alienda hadi kwenye ile nyumba yao. Pale mlangoni palikuwa na mwanamke mgeni anaanika nguo, wakasalimiana, akageuza.

Simu ililia akiwa bado huko.

"Bibi?" Kasongo alisema.

"Si bibi. Ni Adome, jirani yake."

"Ah, dada Adome. Habari ya masiku? Yeye iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia mengi ya kumwambia huyo mtu. Tangu Lodwar nilikuwa nayapanga. Lakini alivyosema *iko wapi*, kwa ile sauti ya mtu aliyeketi peke yake kwenye chumba, yote yakanipotea. Nikamwambia, "Ngoja. Anakuja."

Kwa mbali injini ikasikika.

"Ni hiyo?" akauliza.

"Ni hiyo."

Nikasikia anapumua. Atabo akatokea barabarani, vumbi nyusini, akaona nimeshika simu, akaja hadi mlangoni pa duka bila kuzima. Nikampa.

"Kasongo," alisema.

Hanad alikuwa karibu na mimi pia, na Kasongo alikuwa anapaza sauti ili ashinde ule mlio, kwa hiyo tulisikia sote. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alisema ndiyo yenyewe, ndiyo ile, hata ukimweka katikati ya injini mia angeijua. Kisha akauliza, "Ni ile esanse yangu bado?"

Atabo alitazama tanki. Alipitisha kidole juu ya kifuniko.

"Hapana, mume wangu. Ile yako iliisha. Hii nimechanganya mimi."

Halafu Kasongo akaanza kusema, haraka, maneno mengi, nikashika mawili tu, *wakili* na *nitakuita*, na sauti yake ilikuwa inapotea ndani ya mlio. Nilimwashiria Atabo azime injini ili amsikie. Aliniona vizuri kabisa. Aliipeleka simu karibu na ekzosi, kama alivyokuwa ameombwa, na kwa mkono wa pili akaongeza moto ili injini ilie zaidi. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni, na injini ilikuwa inawaka vizuri sana.